Anti, mwanangu kaniuliza Mungu wangu wako wangapi

"Shikamoo Anti. Mimi ni Mlutheri wa Moshi, mume wangu Muislamu wa Tanga, tulifunga ndoa bomani na tuna watoto wawili. Tulikubaliana watoto wasome madrasa, na kanisani niende nao wakitaka, wakikua watajichagulia wenyewe. Juzi tuko tunakula, mkubwa wangu ana miaka 9, kaniuliza 'mama, ustadhi kasema wanaosema Mungu ni watatu wanakufuru, wewe unasema wako wangapi?' Anti mwili wote ulikufa ganzi. Baba yake anakula zake dagaa kama hajasikia. Nikakumbuka ya sande skuli nikamwambia Mungu ni kama yai, kuna ganda, ute na kiini lakini yai ni moja. Akaniuliza 'kwa hiyo Mungu ana ganda?' Sasa dada yangu anataka nimtoe madrasa, kila siku ananirushia vidio za mchungaji anabishana na mashehe. Mume anasema mambo ya kitoto hayo achana nayo. Nimjibu nini mwanangu? – Mama Wawili, Dar"

Marahaba mwanangu. Nisamehe, la ganda limenichekesha mpaka chai imenipalia, huyo mtoto usimchezee, ana akili. Na kakushika pale pale panapovuja, maana ganda peke yake sio yai, ute peke yake sio yai, wakati kanisa lako linasema Baba ni Mungu kamili, Mwana ni Mungu kamili, Roho ni Mungu kamili, na hao sio Miungu watatu. Kwa hiyo yai hata mchungaji wako mwenyewe akikaa chini na wewe atalikataa. Ukikimbilia maji, barafu na mvuke ndo umeharibu zaidi, hayo ni kama mafundisho ya Sabelio ya miaka ya 200 huko, kwamba ni Mungu mmoja anabadilisha sura tu leo hivi kesho vile, na kanisa lilimkataa. Na mafiga matatu usiyaguse kabisa, mafiga ni mawe matatu kweli kweli, hapo utakuwa umemsaidia ustadhi kazi.

Sasa tuongee vizuri. Wewe unaamini Mungu mmoja. Nakwambia kwa sababu naona kwenye barua yako kama umeshaanza kuyumba, kana kwamba Waislamu ndo wenye mmoja na nyie mna hesabu yenu nyingine. Yesu alipoulizwa amri ya kwanza ni ipi, Marko 12, alijibu na maneno yale yale ya Kumbukumbu la Torati, Bwana Mungu wetu ni Bwana mmoja. Hapo ndo kanisa linapoanzia. Shida ikaja pale, watu hao hao wa Mungu mmoja wanamuona Yesu anasamehe dhambi, wanamuomba, wanabatiza kwa jina la Baba na Mwana na Roho, halafu wakisema ni mungu wa pili wamekufuru na wakisema ni mtu tu wanaona hawajasema walichokiona. Wakabishana weee miaka mia tatu. Neno lenyewe Utatu halimo kwenye Biblia, ustadhi akikwambia hivo hajakosea. Ario wa Aleksandria alikuwa padri kabisa na alisema Mwana kaumbwa, ndo maaskofu wakaitana Nikea mwaka 325 kulimaliza, na halikuisha, mpaka Konstantinopoli 381 bado wanavutana. Mtume Muhammad alizaliwa karibu miaka mia mbili baadae. Kwa hiyo swali la mwanao Wakristo walianza kuulizana wenyewe zamani, usione aibu kukwama mezani.

Na ya upande wa pili uyajue pia, usiyasikie kwa dada yako. Mtoto wa madrasa sura anazozishika mapema ni zile fupi, na kulhuwallahu ni mojawapo, aya nne tu. Sema Yeye Mungu ni mmoja, Mungu mkusudiwa, hakuzaa wala hakuzaliwa, wala hana anayefanana naye hata mmoja. Mtume alisema sura hiyo ni sawa na theluthi ya Kurani, sasa pima mwenyewe uzito wake. Muislamu ukimwambia Mungu ana mwana hasikii jambo dogo la kubishania, anasikia shirki, yaani kumshirikisha Mungu, dhambi kubwa kuliko zote. Na aya kwamba wamekufuru waliosema Mungu ni wa tatu wa watatu ipo, Al-Maida aya ya 73, ustadhi hakuitunga kukuumiza wewe, kafundisha kilichoandikwa. Ila sura hiyo hiyo aya ya 116 Isa anaulizwa kama aliwaambia watu wamfanye yeye na mama yake miungu wawili, na wengine mtaani kwa aya hiyo wanadhani utatu wenu ni Mungu, Yesu na Mariamu. Hakuna kanisa linalosema hivo, hilo mwanao akileta unaweza kulinyoosha. Lakini usijidanganye kwamba ukishanyoosha hilo mmemaliza, kwa Muislamu hata Mariamu akitoka bado umemwita Isa Mungu na ugomvi uko pale pale.

Halafu kuna kitu mimi huwa kinanishangaza, lugha yetu wenyewe. Tunasema mwanasheria, mwanamaji, mwananchi, hakuna anayeuliza sheria ilijifungua lini. Kanisa nalo likisema Mwana wa Mungu halisemi Mungu alioa akazaa, hilo la kuoa na kuzaa mnalikataa wote wawili. Na ile "nafsi tatu" ya kwenye mafundisho ya kipaimara, nafsi Muislamu wa pwani akiisikia anaona watu watatu kila mmoja na roho yake. Neno moja, masikio mawili.

Na msione Wakristo tu ndo wenye fumbo. Waulize mashehe Kurani iliumbwa au haikuumbwa. Wengi wa Sunni wanasema haikuumbwa, ni maneno ya Mungu ya tangu na tangu, sio Yeye na wala hayakutengana na Yeye. Muutazila, kundi la wanazuoni wa Kiislamu wa zamani, wakasema hapana, mkisema hivo mmeweka cha milele kingine pembeni ya Mungu, na khalifa Maamun kule Baghdad mwaka 833 akaanza kuwahoji wanazuoni kwa nguvu juu ya hilo, Imamu Ahmad bin Hanbal akafungwa na baadae akapigwa mijeledi kwa kukataa kusema imeumbwa. Sisemi ni sawa na utatu, sio sawa, nasema tu ukikaa karibu sana na huyu Mungu mmoja maneno yanakuishia, awe nani.

Ila usije ukamwambia mtoto "aah ni kitu kimoja tu mwanangu majina ndo tofauti". Hilo sitaki. Mimi kwetu Muheza, Wabondei, Waanglikana walifika Magila kabla hata ya Mjerumani, kwa hiyo ukoo wetu umechanganyika kitambo, bibi Mkristo na mdogo wake hajati. Krismasi kuku wa bibi walikuwa wanachinjwa na shemeji yake Muislamu, anakuja asubuhi na kisu chake kwenye gazeti, anaelekea kibla, anachinja, anakunywa chai ya tangawizi, anaenda zake na kanisani hakanyagi. Hakuna aliyejidai imani ni moja. Walijua wanapotofautiana ni wapi na ndo maana kisu kiliitwa.

Mtoto mwambie hivi, kwa sauti ya kawaida, mkiwa mnachambua mchele au unamsuka mdogo wake. Mama anaabudu Mungu mmoja. Mama anaamini huyo huyo Mungu mmoja alikuja kwetu kwa Yesu, na yuko na sisi kwa Roho wake. Baba anaamini Mungu ni mmoja na Isa ni mtume wake, kazaliwa na Mariamu bikira, ila sio Mungu. Hapo mimi na baba hatukubaliani. Basi, nyamaza. Akiuliza inakuwaje mmoja awe hivo mwambie hata mama haelewi yote, na usichomoe yai. Akiuliza nani yuko sahihi mwambie mama anaamini ya mama, nenda kamuulize baba na yeye akwambie ya kwake.

Madrasa usimtoe, mlikubaliana, na ukimtoa kwa swali moja utakuwa umemfundisha kwamba maswali yanafukuzisha. Nendeni kwa ustadhi, wewe na mumeo, sio wewe na dada yako tafadhali. Msiende kumwambia asifundishe tauhidi, yaani Mungu ni mmoja, hiyo ndo kazi yake, mwambieni tu kwamba darasani kwake kuna watoto ambao mama zao ni Wakristo, akitamka neno kufru aangalie linamwangukia nani. Wengi wao ni watu wazima wenye busara, ataelewa. Na dada yako mwambie vidio basi. Wanaobishana humo wanatafuta makofi ya waliokuja nao. Sisi tuliokuwepo Dar enzi za mihadhara ya viwanjani tunakumbuka, biblia mkononi, maspika, watu wanashangilia kama mpira, na mwaka 1998 kwenye msikiti wa Mwembechai ikaishia kwa risasi na watu wakafa. Mtoto wa miaka 9 hahitaji kuanzia huko.

Sasa mumeo. Mwanangu, kwa barua yako mimi ustadhi sina shida naye, hata mtoto sina shida naye, shida yangu ni huyo wa dagaa. Mtoto alimuangalia baba yake kwanza, naapa, watoto wote wanafanya hivo, na baba akachambua miba. Kimya chake mtoto kakihesabu kama jibu. Subiri walale ndo uongee naye, usimuanze mezani. Mkumbushe Luqman, sura ya 31 aya ya 15, mzazi hata akimshurutisha mwanawe amshirikishe Mungu, mtoto asimtii kwa hilo lakini akae naye kwa wema, hiyo aya yeye ndo anatakiwa amsomee mwanae, sio wewe. Na hiyo Al-Maida yenye maneno makali ya watatu, aya yake ya 5 ndo iliyomruhusu yeye kuoa mwanamke wa Watu wa Kitabu, mwambie aifungue aisome. Akirudia tena achana nayo mambo ya kitoto, muulize siku ile bomani anasaini cheti alijua anaoa Mkristo au hakujua.