Dola 700 mkononi: Nikon mpya ya boksi ao ile ya mchungaji?

Swali: Jambo yaya. Niko Katuba, hapa Lubumbashi. Ni miaka 2 sasa napiga picha za ubatizo na za mahari kwa telefone, watu wameanza kunilipa, na mwezi wa 12 kuko ndoa 2 zinaningojea. Nimeweka dola 700. Mjini nimeona Nikon D3500 ndani ya boksi lake na objektifu 2, 18-55 na 70-300, mwenye duka anataka 600. Halafu mchungaji wetu anauza Nikon D7100 yake na objektifu ya 18-105, anaomba 400. Rafiki yangu anasema niache zote mbili nitafute ibridi, zile zisizo na kioo ndani, juu refleksi, zenye kioo kama hizi 2, zimepitwa. Nifanye nini?

Jibu: Mdogo wangu, ingekuwa pesa yangu ningeenda kwa mchungaji leo jioni. Na si juu ya bei tu, ngoja nikueleze.

Mambo ya megapikseli tuyatoe kwanza. Zote mbili ziko na nukta milioni 24, na sensa zao, kile kipande cha ndani kinachoshika picha, ni za ukubwa mmoja, milimita 23.5 kwa 15.6, kwa hiyo mwenye duka akikuonyesha ile namba kubwa kwenye boksi we mwambie asante. D7100 ilitoka 2013, D3500 ikatoka 2018, lakini picha ya mchana kwenye hili jua letu ukiweka mbili kando kando hautajua ipi ni ya ipi.

Tofauti iko kwenye mwili. D7100 iko na nafasi 2 za kadi, D3500 iko na moja. Hapo mi nilishaungua. Nilipiga ndoa moja, asubuhi komini, mchana kanisani, nafika nyumbani saa tano ya usiku nafungua kompyuta, za komini ziko zote, za kanisani zinafunguka nusu tu, chini ni rangi ya majivu mpaka mwisho. Kadi niliinunua kwa bei ya karanga, imeandikwa giga 64 kumbe ndani hazimo. Nikawaomba maarusi wavae tena turudi kanisani, wakakubali, lakini mama ya bibi-arusi alikuwa amekwisha rudi Likasi, na picha ya mama akilia pale mbele haina tena mpaka leo. D7100 unaiambia iandike kila picha kwenye kadi zote 2 kwa mara moja, moja ikifa nyingine iko. Kwa mtu wa ndoa hiyo peke yake inanitosha kuchagua.

Kuko tena kitu wauzaji hawasemi: ndani ya D7100 kuko mota ya kuzungusha fokasi, yaani kulenga mpaka picha iwe kali, kwenye D3500 haimo. Objektifu za Nikon za zamani, zile zimeandikwa AF bila S na herufi D mwishoni, kama 50 f/1.8D, hazina mota yake zenyewe, ukizifunga kwenye D3500 itabidi uzungushe fokasi kwa mkono, bibi-arusi anakuja na wewe unazungusha. Na mara nyingi hizo njo objektifu za bei nafuu mtu anakuletea kwa mkono. Halafu siku mteja akikuomba video (atakuomba tu), D7100 iko na tundu la mikro, D3500 haina.

Sikudanganyi, ile ya mchungaji iko na ubaya wake. Ukipiga RAW (faili nzito ambayo kamera haijaipika) mfululizo, kumbukumbu yake ya ndani inajaa haraka, picha chache tu inasimama kupumua, kwa hiyo jifunze kungoja tukio, usishikilie kidole kama mtu wa bunduki. Kwenye video fokasi yake inatafutatafuta mpaka inachosha. Na batri, kusema kweli, D3500 inaishinda: Nikon wanahesabu picha 1550 kwa chaji moja, D7100 ni 950.

Rafiki yako hajakosea, siku hizi kamera mpya karibu zote wanazotoa ni ibridi, na fokasi yao ya kushika macho ni tamu. Lakini angalia batri: Sony a6000 kwa mfano wanaipa kama picha 360. Ndoa moja ya kwetu, kuanzia kuvalisha bibi-arusi mpaka keki, unapita picha 1000 bila kujua, na siku umeme umekatika tangu jana utachaji wapi batri 4? Tena kwa dola 700 ukipata ibridi ya maana imekwisha, unabaki na objektifu ya boksi bila flashi. Hiyo ingojee miaka 2 ao 3.

Sasa tufike kwenye mwanga, juu hapo njo mapato yako yatatoka ao yatapotea. Namba ya f ni tundu la objektifu: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi. Objektifu ya 18-55 ukiivuta mpaka 55 (ni milimita, namba kubwa inavuta karibu) inafunguka f/5.6 tu. Ya 18-105 nayo ukifika mwisho ni f/5.6 hiyo hiyo. Objektifu ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 kuliko f/5.6. Maana yake kanisani, zile taa 2 za njano na madirisha madogo, pale ambapo f/1.8 inapiga kwa ISO 1600 (ISO ni kiasi kamera inavyokuza mwanga), hiyo f/5.6 itakuomba ISO 16000 kwa kasi ile ile, na kwa ISO 16000 uso wa mtu mweusi unakuwa kama umemwagiwa mchanga. Kwa hiyo kwenye zile 300 zitakazobaki, kitu cha kwanza ni objektifu ya 35 f/1.8G ya DX, maana yake ya sensa kama hii, iliyotumika, safi. Iko na mota yake ndani. Kwenye sensa ya ukubwa huu inaona karibu kama 50 ya kamera ya filamu, si mbali si karibu. Ile 18-105 iache kwa picha za familia, wakati mashemeji 30 wamepanga mstari ndani ya lupango na wewe mgongo umegusa ukuta.

Kitu cha pili flashi. Si lazima ile inayojipima yenyewe, ya kupanga nguvu kwa mkono kama Godox TT600 inatosha, ukiizoea siku 3 umeishika. Usimpige mtu nayo usoni! Geuza kichwa chake juu, mwanga ugonge dari urudi chini laini. Lakini uangalie dari kwanza: nyeupe sawa, mbao za kahawia utapata sura za chungwa, na fete ikiwa nje chini ya turubai la buluu, mdogo wangu, watu wote watatoka kama wagonjwa. Siku hiyo tafuta ukuta mweupe pembeni, geuza flashi kule.

Na hii nayo hakuna aliyeniambia nilipoanza. Kamera inapima kila kitu ikidhani dunia ni rangi ya kijivu. Gauni jeupe likijaa kwenye picha inasema eh, mwanga ni mwingi, inapunguza, na sura ya bibi-arusi inazama gizani. Wewe ongeza mwanga, +0.7 ao +1, uangalie uso si gauni, na upige RAW ili gauni likizidi kidogo uweze kulirudisha. Bwana-arusi wa suti nyeusi peke yake ni kinyume chake.

Zinazobaki nunua batri ya pili, EN-EL15, na kadi 2 za kweli, uzijaze mpaka mwisho nyumbani na kufungua picha zote kabla ya siku ya kazi. Mchungaji akipunguza kidogo itafika bila shida, na asipopunguza batri ya pili ingojee pesa ya ndoa ya kwanza. Flashi isingojee.

Ukienda kuiona, beba kadi yako. Piga JPEG moja, rudi nayo kwenye kompyuta, Nikon inaandika ndani ya faili shata (pazia la mbele ya sensa) imefyatuka mara ngapi na kuko programu za bure za kusoma hiyo namba. Shata ya D7100 waliipima kwa mara 150,000. Ikiwa 40,000 chukua, ikiwa 130,000 bei ishuke sana. Jaribu nafasi zote 2 za kadi. Weka f/16 upige ukuta mweupe, madoa meusi ni vumbi kwenye sensa, linasafishwa, lisikuogopeshe. Lakini objektifu uishike mbele ya tochi ya telefone uangalie ndani: ukiona nyuzi nyembamba kama za buibui ni ukungu, hiyo iache hata akikupa bure, juu inaweza kupita kwenye nyingine mkiziweka mfuko mmoja.

Mwili wa D7100 umezibwa dhidi ya vumbi na unyevu, lakini ile 18-105 haina mpira nyuma pale inapofungwa, na ndoa zako ni mwezi wa 12, mvua itakukuta tu pale mlango wa kanisa. Weka mfuko wa plastiki ndani ya sakoshi. Na mwombe mchungaji chaja yake ya asili kabla hamjapeana mikono.