Neno "sata" la Kifini ni la kuazima, ingawa ni la kale

Mwenzetu ameuliza kama kufanana kwa neno "sata" la Kifini na "śatam" la Kisanskriti, yote mawili yakimaanisha mia, kunathibitisha kwamba Wafini na Wahindi wametoka katika lugha moja. Jibu langu ni hapana. Swali hilohilo lilinisumbua nilipokuwa najifunza Kifini mjini Helsinki, na aliyenifumbua macho ni mwanafunzi mwenzangu kutoka Hungaria.

Tulipofika kwenye somo la kuhesabu, aliandika daftarini maneno ya kwao kando ya yale ya Kifini. Mkono ni "käsi", lakini neno likinyambuliwa, kama katika "käteen", hujitokeza t. Kwao ni "kéz". Maji ni "vesi", na t hiyo hurudi katika "veteen". Kwao ni "víz". Mia ni "sata". Kwao ni "száz". Palipo na t ya Kifini kati ya irabu, Kihungaria kina z. Kwa kuwa mkono na maji ni maneno ya asili ya Kiurali, familia ya lugha yenye Kifini na Kihungaria, niliona kwamba "sata" nalo lilikuwamo kabla lugha hizo mbili hazijaachana, likabadilika pamoja nayo.

Hata hivyo, ukale wa neno hauthibitishi kuwa ni la asili. Mia ya lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, familia yenye Kisanskriti, Kilatini na Kilithuania, ilianza na sauti ya aina ya k na ilikuwa na sauti ya puani katikati, ambayo bado husikika katika "centum" ya Kilatini na "šimtas" ya Kilithuania. Tawi la Kihindi-Kiajemi, ambalo Kisanskriti kimo ndani yake, liliigeuza k hiyo kuwa sauti inayokaribia s, na ile ya puani ikawa a. "Sata" lina alama zote mbili, kwa hiyo liliazimwa kwa watu wa tawi hilo baada ya mageuzi hayo. Wanenets, watu wa kaskazini mwa Urusi ambao lugha yao ni ya Kiurali vilevile, huiita mia "yur", kwa hiyo "sata" si neno la familia nzima.

Sisi wenyewe tulichukua mia kwa Waarabu, huku moja hadi tano zikibaki za Kibantu, na hakuna anayekiita Kiswahili lugha ya Kisemiti kwa sababu hiyo. Kwenye elfu, Wahungaria na Wafini walikuwa wameshaachana: hao wa kwanza wana "ezer", iliyotoka katika lugha za Kiajemi, na Wafini wana "tuhat", waliyoichukua kwa majirani zao wa Baltiki.