Mrudishieni shikamoo yake

Wiki iliyopita mliuliza: "Tunapomzungumzia mtu mwenye ugonjwa wa akili, tutumie maneno gani na tuache yapi?" Nahisi mlitarajia orodha, maneno mabaya upande huu na mazuri upande ule. Ninayo, ila naomba nianzie dukani.

Duka lenyewe lipo mtaani kwetu hapa Dodoma, nyumba ya sita kutoka kwangu. Kaka yangu, ambaye mwaka huu anatimiza miaka 53, anapenda kwenda mwenyewe kununua sukari. Siku moja nikamfuata nyuma kwa kuwa nami nilikuwa na shida ya vocha. Nikamkuta amesimama dirishani, noti ya elfu mbili mkononi, na kijana wa duka anapanga sabuni kana kwamba hakuna mteja. Aliponiona ndipo akageuka. "Dada, anataka nini huyu?"

Kaka alikuwa ameshasema. Sukari, nusu kilo. Nilimsikia mimi niliyekuwa bado barabarani.

Sasa litazameni swali la yule kijana. Halina kichaa, halina chizi, halina mwehu. Mpelekeeni mtaalamu wa lugha ya staha, atalipitisha bila kupiga mstari hata neno moja. Na bado mtu mzima aligeuzwa furushi nililokuja nalo dukani.

Kaka ana skizofrenia. Ilimwanza akiwa na miaka 24, fundi mwashi anayetafutwa, kwa sauti zilizomwambia kwamba saruji ya nyumba aliyokuwa akijenga imetiwa sumu. Kabla ya hapo watoto wa mtaa mzima walikuwa wakimwamkia: "Shikamoo fundi!" naye anaitikia marahaba huku hajaacha kazi. Leo anatumia dawa, huu mwaka wa nane hajalazwa, na watoto wanampita kama nguzo ya umeme. Zamani walikuwepo wa kumtupia mawe na kumwimbia. Hao wa sasa ni watoto wazuri, mimi wananiamkia vizuri kabisa. Yeye tu ndiye hawamwoni. Kwa Kiswahili chetu, ukishamnyima mtu wa umri ule shikamoo, tusi la nini tena?

Kuna neno jingine lililopotea pamoja na shikamoo. Mwaka mmoja kabla hajaanza kuumwa, Kaka alianguka kutoka juu ya mirunda akavunjika mguu. Nyumba ilijaa. Machungwa, mayai, sukari, jirani mmoja alileta kuku mzima. "Pole fundi." "Mguu unaendeleaje?" Alipougua akili walikuja watu wawili, tena usiku. Mmoja alimuuliza mama kwa sauti ya chini, "Kwani alimkosea nani?" Mwingine akauliza kama bado tunalala naye nyumba moja. Hakuna aliyesema pole. Mama aliishi miaka mingine kumi na tisa, na sidhani kama kuna jambo lililomuuma kuliko hilo.

Kwa hiyo mkiniuliza neno la heshima ni lipi, nitasema ni pole. Mnalijua, mnalitumia kila siku, hata kwa mtu aliyejikwaa.

Haya, maneno mengine. Mwalimu wangu wa Kiswahili alitufundisha ngeli ya KI-VI ni ya vitu: kiti, kisu, kikombe. Kisha angalia nani wamewekwa humo: kiziwi, kipofu, kilema, kiwete, kichaa. Atakayenisahihisha kwamba tunasema "kichaa amekuja" wala si "kimekuja", namkubalia. Lakini sikio linasikia ki-, na linajua jirani zake ni nani. Halafu neno lilelile tumelitumia kuutaja ugonjwa wa mbwa anayeuma watu: kichaa cha mbwa. Mtoto akisikia "kichaa anakuja" anaokota jiwe. Sikumfundisha mimi, na huenda hata mama yake hakumfundisha.

Wazimu nao umekaa jirani na mzimu, na majununi wa watu wa pwani ametoka kwa majini. Mama hakutumia lolote kati ya hayo. Yeye alisema: "Mwanangu amechezewa." Neno hilo lilitugharimu miaka mitatu na ng'ombe wawili kwa waganga, na wa mwisho alikuwa mbali kabisa, huko Singida. Katika miaka mitatu hiyo ugonjwa ulikomaa, na nikiwa na hasira ndilo neno ninalolilaumu kuliko yote. Ila nikitulia naona lilikuwa na upande wake wa pili. Aliyechezewa hana kosa. Aliyechezewa ni wetu, anakula na sisi, analala ndani. Wapo waliopata jina sahihi la kitabibu siku ya kwanza wakafungiwa chumba cha nje. Ndiyo maana wataalamu wanaokuja na semina zao kuwacheka kina mama wanaosema "amechezewa" huwa wananikera. Waanze kwanza kwa kuuliza mgonjwa analala wapi.

Msidhani nasema maneno hayabadiliki. Yanabadilika, tena kizazi kimoja kinatosha. Nilipokuwa msichana, zeruzeru lilikuwa neno la kawaida. Leo hapa Tanzania hata mtangazaji wa redio ya mtaani anasema mtu mwenye ualbino. Muathirika wa UKIMWI naye akawa mtu anayeishi na virusi. Waliobadilisha ni wenye hali yenyewe, walisimama wakasema tuiteni hivi.

Kwenye akili tumepewa "afya ya akili", na mtaani imechukua muda mfupi sana kugeuzwa. Siku hizi vijana wakimcheka mwenzao wanasema: "Mwacheni huyo, ana afya ya akili." Nimesikia hata msibani, watu wazima: "Marehemu alikuwa na afya ya akili." Ukiichukua kama ilivyo, ni sifa! Nani hataki kuwa na afya ya akili? Kichaa kilichofukuzwa mlangoni kimerudi kupitia dirishani, kimevaa suti. Ndiyo sababu siiamini orodha peke yake.

Mirembe pia ni hivyo hivyo. Hospitali hii ya magonjwa ya akili, hapa hapa Dodoma, ilianza mwaka 1927, imetibu watu wa Tanzania nzima, akiwemo Kaka, lakini ukienda mkoa wowote jina lake ni tusi. "Huyu katoroka Mirembe." Nairobi wenzetu wanaitumia Mathari, hospitali yao ya aina hiyo, vivyo hivyo. Cha kuchekesha ni kwamba Mganda akilisikia neno mirembe anasikia amani, na huko wapo mabinti wanaoitwa jina hilo. Nilipanda Coaster siku moja kwenda kliniki na Kaka, konda akapiga kelele, "Mirembe, Mirembe, wenyewe mjitambue mshuke!" Gari zima likacheka. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa na tatizo la akili la aina fulani, kama watu milioni 970. Coaster ile ilikuwa na watu wasiopungua thelathini. Piga hesabu: waliocheka na wao wamo. Tulishuka kituo kilichofuata, tukarudi kwa miguu.

Basi orodha yangu, kwa kifupi. Angalieni zaidi "ni" kuliko nomino inayofuata. Hakuna anayesema "yule ni malaria." Tunasema anaumwa malaria. Kwa nini basi akili ikiugua mtu anakuwa "ni"? Semeni anaumwa, kwa sababu anayeumwa anaweza kupona au kupata nafuu, na anaulizwa anaendeleaje. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ni neno zuri, la zamani, limebeba uchungu wa moyo ndani yake; liachwe lifanye kazi yake na lisifanywe jina la kila aliyekosa hela ya kodi. Punguani, taahira na zezeta ni matusi kwa watu wengine kabisa, wenye ulemavu wa akili, ambao wengi wao hawaumwi chochote. Tunawachanganya kila siku, na hata ofisi moja ya serikali niliyokwenda na Kaka iliwachanganya kwenye fomu yake.

Na waandishi wa habari, ninyi mna lenu. "Ajinyonga kisa mapenzi." Maneno matatu, na ndani yake mna njia aliyoitumia marehemu na sababu moja aliyobandikwa. WHO imekwishawashauri wanahabari mara nyingi wasiweke njia kwenye kichwa cha habari na wasifanye kana kwamba kifo cha namna hiyo kina sababu moja. Lakini siwalaumu wao tu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hiyo aliyeokolewa akizinduka anaweza kumkuta askari kabla hajamwona daktari, na gazeti litaandika "anashikiliwa". Wakenya wametutangulia: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba kifungu chao cha 226, ndugu wa hicho chetu, kinakwenda kinyume na Katiba. Sheria ikimwita mtu mtuhumiwa, mwandishi wa zamu ya usiku atapata wapi neno lingine?

Wala sitaki tufike mahali pa kuchunguzana midomo. Duka likiandika "bei ya kichaa" mimi nanunua. Kaka mwenyewe akiwa na furaha hujiita kichaa mstaafu. "Mimi nimestaafu, waachieni vijana." Anacheka, nasi tunacheka. Mume wangu akajaribu siku moja, kwa nia njema kabisa, tukiwa mezani: "Shemeji, kichaa mstaafu, nisogezee chumvi." Vijiko vikanyamaza. Kaka aliisogeza chumvi. Hakusema kitu hadi asubuhi yake. Nadhani mume wangu ndiye aliyejifunza zaidi siku ile, na hakuna aliyemfundisha.

Jambo dogo la mwisho, kwa sababu wengi hawalijui. Kaka akimimina chai mkono unatetemeka, kikombe kinagonga birika, na wageni hutazamana. Wanadhani ndiyo ugonjwa wenyewe huo. Mkono ule unatetemeshwa na dawa. Ugonjwa alipokuwa nao bila dawa mikono yake ilikuwa imara kama ya fundi. Kwa hiyo mnapomwona anatetemeka na kuambiana "bado hajapona", mnakuwa mnamsema kwa kile kinachomtibu. Tunajaza kikombe nusu. Hiyo ndiyo staha yetu ya nyumbani, na haina jina.

Nimemsomea Kaka haya yote kabla ya kuyatuma. Amefuta mstari mmoja, ambao hamtauona, na akaniambia niongeze habari za duka.

Siku ile ya sukari nilimjibu kijana, "Mimi nimefuata vocha. Wa sukari huyo hapo, muulize mwenyewe." Akakasirika kidogo. Ikapita kama miezi miwili, kila nikipita namsalimia kama kawaida, sikumhutubia. Juzi Kaka alirudi akiwa na jambo la kusimulia. Alipofika dirishani, kijana alisema, "Shikamoo fundi. Nusu au kilo?" Kaka akataka nusu na kiberiti. Chenji ikaja pungufu ya shilingi mia mbili. Akaihesabu juu ya ubao pale pale, taratibu, mikono ikimtetemeka.

"Bado mia mbili, mwanangu."

Akapewa.