Mwanangu Ana Kadi ya Kijani: Je, Apige Kura Marekani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalaam alaykum. Mwanangu alipata kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, kwa bahati nasibu na sasa yuko Columbus, Ohio. Alipokwenda kuomba leseni ya udereva, karani alimuuliza kama anataka kuandikishwa kupiga kura, naye akasema atafikiri. Wenzake wanamhimiza akubali, kwa kuwa kodi analipa. Huku redioni nasikia Wamarekani wanagombana juu ya wageni kupiga kura. Inaruhusiwa?
Mama, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam, Mama. Mpigie simu leo hii umwambie asikubali. Sheria ya mwaka 1996 inamkataza asiye raia kupiga kura katika uchaguzi wa rais na wa Bunge la Marekani, na adhabu yake ni faini au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kinachonitia hofu zaidi ni kufukuzwa nchini. Ama hoja ya wenzake, kodi hainunui uraia.

Karani hakumtega. Sheria ya mwaka 1993 inaziagiza ofisi za leseni katika majimbo mengi ziwape waombaji nafasi ya kujiandikisha papo hapo. Hatari imo katika kile kisanduku kidogo cha fomu kinachouliza kama wewe ni raia: mgeni mwenye haraka, ambaye lugha bado haijamkaa, akiweka alama ya vema hapo, amekwisha kudai uraia asio nao, na siku atakapoomba uraia wenyewe ataulizwa kwa maandishi iwapo aliwahi kujiandikisha au kupiga kura. Ikiwa amekwisha kuandikishwa, amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hajasaini karatasi nyingine.

Huenda wenzake wamesikia habari za Takoma Park, mji wa Maryland ambao tangu mwaka 1992 unawaruhusu wasio raia kuchagua viongozi wa mji wao. Ohio sivyo, wapiga kura wa huko walibadilisha katiba ya jimbo mwaka 2022, wakaufunga hata mlango huo.

Kuhusu ugomvi unaousikia, wapo wanaotaka kila anayejiandikisha aonyeshe hati ya uraia. Hofu yao naielewa, lakini hesabu haiwaungi mkono: mwaka 2024 jimbo la Georgia lilikagua daftari lenye watu milioni 8.2 likakuta wasio raia 20. Kansas ilipodai hati hizo, watu zaidi ya 30,000, karibu wote raia halali, walizuiwa kuandikishwa, hadi mahakama ilipoibatilisha sheria hiyo mwaka 2018. Sisi wa Zanzibar tuliowahi kusimama kwa sheha, kiongozi wa shehia, tukifuatilia kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi tunajua jinsi karatasi moja inavyoweza kumweka mwenye haki nje ya kituo. Kwangu mimi, kumzuia raia halali ni dhuluma kubwa kuliko hao 20.

Mwanao, kwa kawaida, ataweza kuomba uraia baada ya miaka 5 ya ukaazi wa kudumu. Akishakula kiapo, ndipo ajiandikishe.