Chambo chenye manukato?

Msomaji anauliza: "Ninatafsiri maelezo ya vyambo bandia vya plastiki laini vya kuvulia baharini, vile vinavyotiwa harufu ya kamba au ngisi. Nimeandika 'chambo chenye manukato', mwenzangu akapinga. Yeye naye husema 'chambo ya plastiki'. Nani yuko sahihi?"

Kwenye manukato, mwenzako ana haki. Manukato ni vitu vya kujipaka na kujifukiza: marashi, udi, mafuta mazuri. Neno ni la ukoo mmoja na nukia, yaani kutoa harufu inayoipendeza pua ya mtu, na chambo hiki hakikutengenezewa pua ya mtu. Fungua pakiti yake: kile kimkia laini kimelowa majimaji yanayoteleza, na ukikishika vidole vinabaki na shombo hata baada ya kunawa kwa sabuni. Andika "chambo kilichotiwa harufu ya kamba". Harufu haina upande. Yaweza kuwa nzuri au mbaya, na samaki ndiye mwamuzi.

Shombo lenyewe ni neno ninalolipenda mno, na wengine husema vumba. Mvuvi akimwambia mwenzake "tia kile chenye shombo zaidi", hakuna cha kufafanua. Lakini lina mipaka: ni la samaki na jamaa zake wa majini. Vyambo vingine hutiwa harufu ya kitunguu saumu, na hapo shombo haifai kabisa. Kwenye pakiti ya kuuzia pia ningeliacha, kwa sababu kwa wengi ni neno la karaha.

Nuka nalo hubeba lawama. Ukilihitaji, usiliwekee "kama": Kiswahili husema "kinanuka ngisi", sawa na "ananuka pombe". Na pale maelezo yanapodai kwamba samaki hukishikilia chambo kwa muda mrefu zaidi, sema "samaki akikiuma hakitemi upesi". Kutema ndilo tendo lenyewe; samaki akichelewa kutema, ndipo mvuvi anapopata nafasi ya kuvuta mshipi ndoana ikanasa.

Kwenye upatanisho, wewe ndiye uliyepatia. Chambo hiki, vyambo hivi, kama chombo na vyombo. "Chambo ya plastiki" husikika midomoni, ila kwenye maandishi ni "chambo cha plastiki". Tena bandia ikae karibu na chambo: "chambo bandia cha plastiki laini". Ukiandika "chambo cha plastiki bandia", umesema plastiki ndiyo ya kughushi.