Auto-Tune ya Popcaan: anza na koo, kompyuta baadaye

Swali: Naimba dancehall, muziki wa Jamaica, na nareki mwenyewe. Nikiweka Auto-Tune nasikika kama roboti, ila Popcaan, mwimbaji wa Jamaica, anasikika laini, tena mwenye huzuni. Nirekebishe nini? Na je, ni sauti hiyo iliyompandisha?

Jibu: Ndugu yangu, Auto-Tune ni programu inayosogeza sauti yako hadi kwenye noti iliyo karibu ndani ya kii uliyochagua, yaani kundi la noti ambalo wimbo umejengwa juu yake. Ukikosea kii, au ukiimba nje ya tuni, inakuvuta kwa nguvu kwenda usikokusudia, na hapo uroboti huzidi. Popcaan hutunga melodi za noti chache zinazokaribiana, halafu huvuta irabu mwishoni mwa mstari. Irabu ndefu iliyotulia juu ya noti yake ndiyo inayong'aa programu ikiipitia. Maneno ya kufoka harakaharaka hayaipi cha kushika.

Kwa hiyo tafuta kwanza kii ya biti. Kasi ya kurekebisha iweke karibu na sifuri (sifuri ndiyo haraka kuliko zote) ukitaka mng'ao ule, na upandishe namba ukitaka sauti ya asili zaidi. Kisha, na hili wengi hawalifanyi, isikie Auto-Tune kwenye hedifoni wakati unareki. Ukiisikia utaimba nayo, utajua pa kuteleza na pa kukaza. Ukiibandika baadaye, mtakuwa mnavutana.

Biti nayo ina kazi yake. Gawanya nusu ya baa (kipimo cha mapigo manne) vipande 8 vilivyo sawa, piga cha 1, cha 4 na cha 7. Mdundo huo unajiendesha wenyewe, hivyo mwimbaji anaweza kuchelewa kidogo nyuma yake bila wimbo kulegea. Usiujaze vinanda.

Kuhusu kupanda kwake, nasema ndiyo, sauti ilimbeba sana. Jamaica biti moja, yaani ridimu, hupewa waimbaji wengi, kila mmoja akaweka wimbo wake juu yake. Biti ikiwa ileile, melodi ndiyo inayokutofautisha. Popcaan, kijana wa St. Thomas, Jamaica, aliyezaliwa 1988, alitokea kundi la Portmore Empire la mwimbaji nyota wa dancehall Vybz Kartel, na wimbo "Clarks" wa 2010 ukamtambulisha mbali. Kartel alipokamatwa 2011, Popcaan alikuwa tayari na njia yake: wimbo wake "Only Man She Want" wa mwaka huohuo ni melodi mwanzo mwisho. Mwaka 2014 ikaja albamu "Where We Come From", chini ya usimamizi wa prodyuza Dre Skull, na kwangu ndiyo darasa bora la sauti yake. OVO Sound, lebo ya Drake, ilikuja miaka kadhaa baadaye, jina likiwa limeshasimama.

Leo reki ubeti mmoja bila programu yoyote. Melodi isipokaa kichwani mwako kesho yake, ibadilishe kabla hujagusa mipangilio.