Msiilaumu rangi, laumuni kasi na mkasi

Bwana Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeuliza hivi: je, televisheni ya rangi ndo iliyoziua filamu za vichekesho za zamani, na kwa vile kompyuta skuhizi zinaweza, zipakwe rangi ili watoto wa leo wazitazame? Mie nimefanya ufundi wa TV hapa Unguja tangu zama za seti zenye kasha la mbao na tyubu ya kubebwa na watu wawili mpaka hizi bapa za kutundika ukutani, kwa hiyo nitajibu kifundi zaidi kuliko kisanii, na jibu langu ni hapana kwa yote mawili. Ila hapana yangu ina maelezo, mnivumilie.

Kwanza kwetu hapa rangi haikukuta kitu cha kuua. Televisheni Zanzibar ilianza 1974 ikiwa ya rangi moja kwa moja, ya mwanzo Afrika kusini ya Sahara, na Mzee Karume aliyeanzisha mpango wenyewe aliuliwa Aprili 1972 hata hajaiona ikiwaka. Makaburu na dhahabu yao yote wamepata TV 1976. Bara wamekaa mpaka 1994. Kwa hiyo kijana wa mjini hapa aliyekua miaka ile, TV kwake maana yake rangi, nyeusi na nyeupe aliiona kwenye picha za harusi za wazee wake basi. Zilipokuja deki na kanda za video ndo vituko vikaanza. Alinijia mzee mmoja dukani na seti yake juu ya mkokoteni, kaifunga kamba na shuka juu, hata salamu hajamaliza ananambia "fundi, rangi imekata jana usiku ghafla, tumeizima na kuiwasha haijarudi". Namuuliza mlikuwa mnatazama nini mzee wangu, ananambia kanda aliyoleta mjukuu, ya yule mnene na yule mwembamba. Nikaiwasha pale pale, taarabu hiyo, magauni yote na rangi zake. Akanitazama, akaitazama TV, akasema "basi nifungie kamba".

Lakini nisimcheke, mana kuna kitu watu wengi hawakijui, hiyo picha nyeusi na nyeupe ndo mtihani mgumu kuliko yote kwa TV ya rangi. Ndani ya ile tyubu hamna nyeupe kabisa, mna miale mitatu, mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa buluu, na nyeupe inapatikana pale yote mitatu inapopiga sawasawa na kwa nguvu zinazolingana. Kwenye filamu ya Kihindi yenye sari na maua hitilafu inajificha, nani atajua ile sari ilikuwa nyekundu kiasi gani. Mtie Charlie Chaplin, yule mchekeshaji wa filamu za bubu, uone. Miale ikipishana kidogo tu ukingo wa kofia yake unatoa mstari mwekundu upande huu na wa buluu upande wa pili, na mmoja ukizidi nguvu uso wote unakuwa wa kijani, maskini ya Mungu anaonekana mgonjwa. Na kuna kisaketi kidogo kazi yake ni kuizima rangi pale picha inapokuja haina rangi, hicho kikifa basi filamu yote inajaa chenga za rangi rangi. Mie nikitaka kuipanga seti vizuri nilikuwa natia kanda ya nyeusi na nyeupe, wateja wanadhani nastarehe.

Haya, tuje Marekani ambako kesi hii ndo ya kwao. Rangi ilianza kuuzwa 1954, seti ya kampuni ya RCA ilikuwa dola 1,000, na RCA hao hao ndo wenye stesheni ya NBC kwa hiyo walikuwa na kila sababu ya kuisukuma. Ilichukua muda. Mpaka msimu wa 1966 kuelekea 1967 ndo stesheni zote tatu kubwa vipindi vya jioni vikawa vya rangi, na hapo hesabu ikabadilika, kitu kisicho na rangi kikawa mali ya bei ndogo, cha kujazia usiku wa manane au asubuhi ya watoto. Lucille Ball, mchekeshaji wa TV wa kule, alilinusa hilo mapema. Kipindi chake cha pili kilirekodiwa kwa rangi tangu 1963 wakati stesheni yake, CBS, wenyewe walikuwa wakikirusha bila rangi, mpaka 1965, yani mtu analipia gharama za rangi ambazo hakuna atakayeziona mwaka huo, kwa sababu anajua kitauzwa tena na tena mbele ya safari na rangi ndo itakayokipa bei. Huyo ni chale na mfanyabiashara kwa pamoja, tena wa hatari. Kwa hiyo rangi iliteremsha bei ya vichekesho vya zamani, hilo nakubali. Bei. Kicheko hakikuguswa, na watoto waliowekewa asubuhi zile hawakuulizia rangi iko wapi.

Sasa hilo la kupaka. Kompyuta zimeanza kazi hiyo miaka ya 1980, na Laurel na Hardy, ndo wale mwembamba na mnene wa yule mzee, walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kupakwa. Kelele zikawa nyingi, Ted Turner, tajiri wa televisheni, kanunua maktaba ya filamu za kampuni ya MGM na kuanza kupaka, waongozaji wakenda mpaka kwenye Seneti 1987 kulalamika, Woody Allen alikuwemo. Wao walizungumza haki za msanii, mie nazungumzia sura. Filamu za zile zama za bubu, kabla ya sauti, zilipigwa kwa utepe ambao nyekundu hauioni, unaigeuza nyeusi, na anga la buluu unaligeuza jeupe. Kwa hiyo waigizaji walijipaka nyuso kufuatana na utepe huo, Chaplin na Buster Keaton nyuso zimepakwa nyeupe makusudi ili jicho na nyusi zionekane hata ukiwa umekaa siti ya mwisho kabisa. Sasa wewe wa leo unakuja na kompyuta unampaka rangi ya ngozi juu ya uso ambao siku ile haukuwa na rangi ya ngozi! Unadhani umerejesha kitu, kumbe umepiga rangi juu ya rangi nyingine. Na zile za miaka ya 80 ndo usiseme, kila mtu kwenye filamu ana ngozi ya aina moja, bosi, polisi, mwenye nyumba, wote wametoka ndoo moja.

Halafu si kwamba watu wa vichekesho walikuwa wanaiogopa rangi. Wapo waliokuwa nayo mkononi wakaikataa. Ile filamu ya mwongozaji Billy Wilder ya 1959, Some Like It Hot, Tony Curtis na Jack Lemmon wamevaa kike wanawakimbia majambazi, mkataba wa nyota mwenzao Marilyn Monroe ulitaka filamu za rangi, wakafanya majaribio, ile rangi ya kike iliyopakwa kwenye nyuso za wanaume wawili ikatoa ukijani. Kwenye rangi ungeona ukijani tu, kichekesho kwaheri. Monroe akakubali iwe nyeusi na nyeupe. Wanaume wawili wenye ndevu zilizonyolewa asubuhi wanapita kama wanawake kwa sababu jicho letu limenyimwa rangi, na sisi tunakubali kudanganywa. Ipake leo uone.

Na yupo aliyeitaka rangi kwelikweli akaikosa, Jacques Tati wa Ufaransa, na huyu ndo kesi yangu tamu. Filamu yake ya 1949 ya yule mtu wa posta na baiskeli yake aliipiga kwa mfumo mpya wa rangi wa Kifaransa, Thomsoncolor, na bahati yake aliweka na kamera ya pili ya nyeusi na nyeupe pembeni, mana wenye mfumo walishindwa kabisa kuzitoa nakala za rangi. Ikatoka kwa nyeusi na nyeupe, watu wakaipenda, akafa 1982 hajaiona alivyoiwaza. Binti yake ndo kaja kuikamilisha ile ya rangi 1995. Na alivyoiwaza ni hivi, kijiji kizima kiwe kijivu, milango kaipaka kijivu, wanakijiji wamevaa nguo za giza, halafu magari ya sikukuu yanaingia na farasi wao wa mbao na bendera, na rangi inaingia nao, na sikukuu ikimalizika rangi inaondoka nao. Rangi yenyewe ndo kichekesho, imo ndani ya hadithi. Huyo hakupakiwa rangi na mtu miaka hamsini baadae, aliipanga mwenyewe. Hapo sina neno.

Kwa hiyo ni nani muuaji? Mie nakutajieni, kasi. Kamera za bubu zilizungushwa kwa mkono, picha kama 16 mpaka 20 kwa sekunde, hamna sheria. Sauti ilipoingia ikabidi mwendo uwe mmoja, 24. TV zetu, za mfumo uitwao PAL, zinakwenda 25. Chukua filamu iliyopigwa 16 uiendeshe 25, kila mtu anatembea mara moja na nusu na zaidi ya mwendo wake, anakuwa kama kuku aliyemwagiwa maji. Ni kweli wao wenyewe walikuwa wakizungusha kamera polepole makusudi ili mbio ziwe mbio, walijua mashine za sinema zinakwenda kasi kidogo, lakini walipima, kidogo hapa, sana pale. TV ikaja ikazisomba zote pamoja. Vizazi vizima vimekua vinaamini zamani watu walikuwa wanatembea vile! Muulize mtoto yeyote amwigize Chaplin, atakwenda mbiombio kwa kurukaruka. Yule bwana alikuwa anakwenda taratibu, mjivuni, anazungusha bakora yake kama mtu mwenye miadi na waziri.

Wa pili ni mkasi. Stesheni ina nafasi ya dakika kadhaa, ina matangazo ya kuingiza, filamu imezidi, basi inakatwa, na mkataji anakata sehemu ambayo anaona "hakuna kinachotokea". Sasa kwa Laurel na Hardy hiyo sehemu ndo yenyewe. Ipo ile ya 1929 wanauza miti ya Krismasi California kwenye jua kali, wanamgongea bwana mmoja, James Finlayson yule wa masharubu, hataki mti. Ugomvi unaanza na mti uliobanwa na mlango. Huyu anachukua mkasi anaukata mti wao, hawa wanakwangua namba ya nyumba yake mlangoni, na kila mmoja anapofanya uharibifu mwenzake anasimama pale anamtazama mpaka amalize, hamzuii, anamwachia, anafikiri kidogo, ndo na yeye anakwenda kulipa. Mwisho gari lao ni vyuma chakavu na nyumba yake haina mlango wala dirisha. Ile subira ndo inayokuvunja mbavu. Kata zile sekunde za kusimama na kutazamana unabaki na watu wanavunja vitu, na watu wanavunja vitu hata Jumamosi mtaani kwetu wapo, hatulipi kiingilio.

Wa tatu ni wa skuhizi na huyu ananiudhi kuliko wote. Filamu za zamani zina umbo la karibu mraba, nne kwa tatu, na TV za tyubu zilikuwa umbo hilo hilo, Chaplin alikuwa anaingia mle mzima bila kukatwa kichwa. Hollywood ndo waliotanua pazia miaka ya 50 ili watu waachane na TV warudi sinema. Sasa TV zote zimekuwa pana, na mwenye nyumba hataki kuona weusi pembeni, analipia inchi zake zote, anabonyeza remoti picha inavutwa. Matokeo yake Stan Laurel anakuwa na mashavu ya Oliver Hardy! Sasa kama wote wawili wanene kichekesho kiko wapi? Nimeingia nyumba za watu nimeiona hiyo na nimeomba remoti bila kuulizwa. Na mkiwa humo humo kwenye menyu tafuteni ile ya kulainisha mwendo muizime, inatunga picha ambazo kamera haikupiga.

Watoto wa leo nao wasisingiziwe. Mtoto anayetazama katuni za vijiti kwenye simu, duara na mistari minne, utaniambia anakimbia kwa sababu hamna rangi? Anakimbia kwa sababu umemwekea nakala ya kanda iliyonakiliwa kutoka kanda, muziki wa kubandika, watu wanakimbia bila sababu. Mwekeeni nakala iliyosafishwa, kwa mwendo wake, umbo lake, haijakatwa. Mkimaliza hapo ndo mje tuzungumze kupaka.

Kwa asiyejua pa kuanzia, mie huwaambia waanze na ile ya 1932, The Music Box, Laurel na Hardy wanapandisha piano kwenye ngazi ndefu kule Los Angeles, ilipata Oscar ya kwanza kabisa ya vichekesho vifupi. Ni nusu saa tu na ina sauti kwa hiyo kasi yake haijachezewa. Nakala iliyopakwa rangi ipo pia inazunguka, mkiangukia hiyo msitafute nyingine, ingieni kwenye menyu mshushe rangi mpaka sifuri, inafanya kazi vizuri tu.